Jela ya Mwingereza, sheria ya Mwingereza, mfungwa wa Kenya huru: tuzungumze ushairi wa kifungoni

Mwana wa Kuze (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakuu, na wengine wote hamjambo.

Kila tukiuzungumza ushairi wa Kiafrika na ukoloni, hadithi hukomea siku ya uhuru. Mzungu alikuja, akapora, washairi wakalia na kuhamasisha, bendera ikapandishwa, vigelegele vikapigwa. Shuleni ndivyo tulivyofundishwa. Uzi huu nauanzia upande wa pili wa bendera. Naamini mashairi yaliyoufichua ukoloni kwa undani zaidi ni yale yaliyotungwa baada ya Mzungu kufunga virago vyake, na baadhi ya walioyatunga walikuwa wamefungiwa na watu wa damu yao.

Mfano wangu ni Abdilatif Abdalla.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1946 katika ukoo wa washairi. Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule Malenga wa Mvita, ni nduguye. Mwaka 1966 Oginga Odinga alipojitoa KANU, chama tawala, na kuunda Kenya People's Union (KPU), Abdilatif alijiunga na chama hicho. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofika mwaka 1968, fomu za wagombea wa KPU zilikataliwa nchi nzima kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Chama kikazibiwa njia ya sanduku la kura. Ndipo kikatoka kijikaratasi kilichosambazwa kwa siri, kwa Kiswahili, chenye kichwa "Kenya: Twendapi?" Desemba mwaka huo huo mwandishi wake, Abdilatif, alikamatwa. Alikuwa na miaka 22. Shitaka lilikuwa uchochezi. Hukumu ya kwanza ilikuwa nafuu kidogo, serikali haikuridhika, ikakata rufaa, na kifungo kikapandishwa mpaka miaka 3. Muda mwingi aliutumikia peke yake ndani ya chumba, katika magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa, akatoka mwaka 1972.

Sasa tazameni vyombo vilivyotumika. Vifungu vya uchochezi viliandikwa na serikali ya kikoloni ili kuwanyamazisha Waafrika waliouliza maswali. Kamiti ni gereza alilonyongewa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo humo katika kaburi lisilo na alama. Miaka 12 baadaye, chini ya rais ambaye yeye mwenyewe aliwahi kufungwa na Mwingereza, kuta zile zile zilimpokea mshairi aliyeuliza nchi inakwenda wapi. Kilichobadilika ni jina la mwenye funguo.

Kule ndani alinyimwa karatasi. Aliandika kwenye karatasi za chooni, na mashairi yakatolewa nje kwa siri. Mwaka 1973 yakachapishwa kama diwani, Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, Kenyatta yule yule aliyekuwa bado Ikulu. Wakati huo mshairi alikuwa ameshahamia Dar es Salaam, akifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu. Kutoka hapo alikwenda London, kisha Leipzig akafundisha Kiswahili kwa miaka mingi.

Kwa ambaye hajaisoma, anzieni na "Mamba". Ni shairi la mamba aliyejitakabari mtoni, anayejigamba kwamba ataishi dahari. Mshairi anakwambia mapema kabisa kwamba analifumba, wafumbue wanaoweza. Kisha someni "Kuno Kunena", ambalo ni la mtu anayejiuliza kusema kwake kuna kosa gani hata akatiwa ndani. Kila mstari umejaa sauti ya k na n, unakwenda kama mtu anayegonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Nikilisoma kwa sauti nyumbani watu huacha walichokuwa wakifanya.

Rai yangu ni hii: urithi wa ukoloni haumo katika kumbukumbu zetu tu. Umo katika sheria, katika jela, katika faili la polisi, na katika tabia ya mtawala kuliona swali kuwa ni uasi. Washairi waliopita mle ndani ndio mashahidi wake. Karibuni tujadili.

---

Mwalimu wa Korogwe

Mkuu, umenigusa pabaya. Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sita. Ushairi wa aina hii ukifika darasani, kazi ya kwanza ni kuhesabu mizani. Ya pili ni kutaja kama shairi ni tathlitha (mishororo mitatu kila ubeti) au tarbia (minne). Ya tatu ni "dhamira kuu tatu", na mwanafunzi anaandika: uongozi mbaya, ukombozi, umoja. Basi. Unaweza kuweka orodha hiyo chini ya shairi lolote lile na ukapata alama.

Hakuna anayeuliza mshairi alikuwa wapi alipoandika. Mimi mwenyewe sikuwahi kuwaambia wanafunzi habari za karatasi za chooni. Nikiwaambia, nina hakika nusu yao watalisoma shairi upya usiku huo huo.

Ila nina shida ya kweli, na naomba msaada wa watu wa Mvita, yaani Mombasa. Vijana wangu wa bara wanakwama kwenye lahaja. Wakikutana na "n'shishiyelo", kama katika shairi lake "N'shishiyelo ni Lilo", wanakata tamaa kabla hawajafika kwenye maana.

---

Mwana wa Kuze

Mwalimu, shikamoo, na asante. Kuhusu lahaja, usiwape kitabu kwanza. Wasomee. "N'shishiyelo ni lilo" ni kusema "nililolishika ni lile lile, siliachi". Wakisikia mtu anasema hivyo baada ya kufungwa miaka mitatu, lahaja haitawazuia. Tungo hizi zimetungwa kwa sikio. Na kumbuka alikuwa na sababu ya kuandika kwa lugha ya nyumbani kwao. Mtu aliyefungiwa peke yake hana wa kuzungumza naye, lugha ya mama ndiyo jamaa pekee aliyebaki.

---

Binti wa Fumba

Naomba niingie hapa kwa heshima, kaka yangu, lakini sitapindisha maneno.

Mnaposema ushairi wa Kiswahili ulisimama dhidi ya dhuluma, ni upi huo? Tenzi za pwani kwa sehemu kubwa zilitungwa na watu waliokuwa na watumwa nyumbani. Chukua Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy. Ni kazi kubwa, imetungwa karibu mwaka 1891, miaka miwili tu baada ya Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Inawashitaki Wajerumani, na inastahili kusomwa. Lakini wale waliobeba mizigo ya misafara, waliolima mashamba ya miwa ya Pangani, wana nafasi gani katika utenzi ule? Majumbe wanasema, masultani wanasema, mtumwa hasikiki. Sisi ambao mabibi zetu walikuwa upande ule wa nyumba tunausoma kwa moyo mwingine.

Kwa hiyo nakupa mtu wangu: Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, kabla utumwa haujafutwa kisheria mwaka 1897. Wazazi wake walimwita Mtumwa. Alikuwa akifinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuingia mjini na kuwa mwimbaji. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, za Kiswahili, wakati taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu.

Na aliimba nini? Aliimba "Kijiti", habari ya kweli ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alikimbilia bara, na wanawake waliotoka naye usiku ule wakapewa adhabu kwa sababu ya kununua pombe. Hiyo ndiyo mahakama ya kikoloni ilivyowatendea maskini wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, na mwimbaji ambaye hakusoma shule aliiweka kwenye santuri, ikapigwa mjini kote. Kama tunatafuta mashahidi, huyo hapo. Naye hakufungwa, lakini aliimba chini ya pua ya waliofunga.

---

Mwana wa Kuze

Dada, hoja yako naichukua yote. Kwetu Mombasa pia Muyaka bin Haji, ambaye wengi humwita baba wa shairi la kisiasa, alikuwa mtu wa kambi ya Mazrui, watawala wa Mombasa, dhidi ya Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja. Alipigania mji wake, na mji wake ulikuwa na watumwa. Hilo halifutiki kwa sababu tungo zake ni tamu.

Na sioni kwamba linaharibu ninachokisema. Linakirudisha nyuma zaidi. Anayekalia kiti cha dhuluma hubadilika, Mwarabu, Mjerumani, Mwingereza, Mwafrika, na kila mara walioachwa sakafuni hawabadiliki. Ukiniuliza kati ya al-Buhriy na Siti nani alikiona kiti kile kutoka chini, nitakujibu Siti.

"Kijiti" naomba uitafutie uzi wake peke yake, nitachangia.

---

Msoma Kichomi

Wakuu heshima kwenu. Mmetaja mizani, na mimi ni mtu wa kambi nyingine, kwa hiyo niseme.

Marehemu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 watu walimshambulia kana kwamba amevunja msikiti. Kosa lake lilikuwa kuandika mashairi yasiyo na vina wala mizani. Hoja za wakati ule mnazijua: hayo si mashairi, ni insha zilizokatwakatwa, ni kuiga Wazungu. Lakini soma yaliyomo. Alikuwa akiiangalia Tanzania ya Ujamaa, anaona pengo kati ya kauli na maisha ya mkulima wa Ukerewe, na hakutaka kulifunika pengo hilo kwa urari wa sauti. Mimi huwa nauliza: je, vina vyenyewe si sehemu ya utaratibu wa kale ambao Binti wa Fumba ameusema? Sheria za kutunga zilizokusanywa na Amri Abedi mwaka 1954 zilitoka kwa nani, na zilimwacha nani nje?

Sisemi Abdilatif hakuwa jasiri. Nauliza kama mtu anaweza kuvunja minyororo kwa shairi ambalo lenyewe limefungwa.

---

Wa Durban

Habari za jioni. Nafuatilia nikiwa Afrika Kusini, ninaishi huku miaka mingi. Swali la Msoma Kichomi limenikumbusha Dennis Brutus, na naona mlinganisho wake unafaa kabisa.

Brutus alikuwa mwalimu, na alipigana kuiondoa Afrika Kusini ya kibaguzi katika michezo ya Olimpiki. Serikali ikampiga marufuku: asifundishe, asihudhurie mikutano, asichapishe. Mwaka 1963 alijaribu kukimbia mikononi mwa polisi mjini Johannesburg, akapigwa risasi mgongoni. Akiwa amelala chini, gari la wagonjwa lililofika lilikuwa la Wazungu, likaondoka, ikabidi asubiri jingine. Alipopona akapelekwa gereza la kisiwa cha Robben Island kuvunja mawe.

Kwa kuwa alikatazwa kuandika kitu chochote cha kuchapishwa, alipotoka aliandika mashairi kama barua kwa shemeji yake, Martha, ambaye mumewe alikuwa bado kifungoni. Barua haikatazwi. Yakatoka kitabu mwaka 1968, nje ya nchi. Na yeye mwenyewe alieleza kwamba gerezani, akiwa peke yake, aliyafikiria mashairi yake ya zamani akayaona yamepambwa kupita kiasi, hayamsemeshi mtu wa kawaida. Kuanzia hapo akaandika kwa maneno makavu, karibu kama mazungumzo.

Kwa hiyo jela moja ilimfanya mmoja avue mapambo. Jela nyingine ikamkuta mwingine na vina vyake, na akatoka navyo. Kwa nini?

---

Mwana wa Kuze

Wa Durban, hilo swali limenikosesha usingizi, na nashukuru. Nijibu ninavyoona mimi, atakayekuwa na jicho jingine anisahihishe.

Brutus aliandika kwa Kiingereza, na mapambo aliyoyavua yalikuwa ya mashairi ya Kiingereza aliyoyasoma darasani. Alipoyavua alikuwa anawarudia watu wake. Abdilatif hakuwa na haja ya safari hiyo. Shairi la vina na mizani Mombasa si kitu cha darasani, liliimbwa harusini, lilijibizana barazani, wavuvi wanalijua. Alipoandika kwa vina alikuwa tayari ameketi na watu.

Halafu kuna jambo la karatasi. Mfungwa anayeweza kupekuliwa wakati wowote anahitaji shairi linaloweza kukaa kichwani. Ukiwa na mizani 16 na kina kinachokuvuta kwenda kwenye mstari ufuatao, hata wakikunyang'anya karatasi, ubeti unaurudisha. Urari ule ni ghala. Ndiyo maana, kaka Msoma Kichomi, siwezi kukubali kwamba vina ni mnyororo kila mahali. Kwa Kezilahabi, aliyekuwa huru kutembea lakini akasikia kauli za majukwaani zikiimbwa kwa urari huo huo, vina vilikuwa vimechafuliwa na pongezi. Alifanya vema kuviacha. Kwa mtu wa chumba cha Kamiti vilikuwa mkoba.

Na kuna fumbo. Askari akilikuta "Mamba" anakuta shairi la mnyama.

Kitu kingine ambacho nimekuwa nikikitafakari ni lugha. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya kali mno kwa Kiingereza, na waziri wa serikali, Mwai Kibaki, akahudhuria uzinduzi wake. Mwaka huo huo tamthilia ya Gĩkũyũ aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ikachezwa na wakulima wa Kamĩrĩĩthũ, ikapigwa marufuku, na mwisho wa mwaka akatiwa kizuizini bila kesi. Kamiti tena. Karatasi za chooni tena. Riwaya ya Kiingereza iliwatukana wakubwa wakapiga makofi, maneno ya Gĩkũyũ mdomoni mwa mkulima yakawatisha. "Kenya: Twendapi?" nayo ilikuwa kwa Kiswahili. Nadhani serikali ilipima vizuri nani angeisoma.

---

Msoma Kichomi

Hapo kwenye mkoba umenishika, mkuu. Nakubali nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

---

Mkazi wa Kampala

Wapendwa, nyote mnazungumza kama mambo haya yamepita. Mimi naandika kutoka Uganda.

Kwetu mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha uchochezi, kile kile cha kikoloni. Tulishangilia. Mwaka uliofuata, 2011, ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta. Mwaka 2018 Stella Nyanzi, mhadhiri na mtafiti, aliandika shairi kwenye ukurasa wake wa Facebook siku ya kuzaliwa kwa Rais Museveni. Lilikuwa na maneno makali ya mwili, ya tumbo la uzazi, wengi hawakuyapenda, hata waliompinga rais. Alishitakiwa kwa sheria hiyo mpya, na Agosti 2019 akahukumiwa miezi 18. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo. Aliyoyaandika akiwa gereza la Luzira yakatoka kama diwani.

Sasa Mwana wa Kuze, nakuuliza: sheria hii hakuiandika Mwingereza. Imeandikwa na bunge letu, na ni ya zama za intaneti. Utaiita urithi wa ukoloni?

---

Kijana wa Likoni

Afadhali umeuliza wewe dada/kaka wa Kampala, maana mimi nilikuwa nasita kumjibu mtu wa mtaa wangu.

Bro, kwa heshima, mimi nina miaka 24 na nimechoka kuambiwa ukoloni. Mimi nilizaliwa zaidi ya miaka 30 baada ya uhuru. Polisi anayenikamata Likoni bila sababu ni Mkenya, amefundishwa na Mkenya, anatumwa na Mkenya. Tukisema "urithi wa ukoloni" ni kama tunamwombea msamaha. Hakulazimishwa kurithi.

---

Mwana wa Kuze

Mdogo wangu, na wewe ndugu wa Kampala, nawajibu pamoja kwa sababu swali ni moja, na ndilo nililotaka lifikiwe.

Kenya ilipata uhuru Desemba 1963. Vifungu vya uchochezi vilifutwa mwaka 1997, wakati wa mageuzi yaliyofanywa kwa shinikizo kabla ya uchaguzi. Hesabu: miaka 34. Kwa miaka yote hiyo bunge lilikuwa letu. Lilikuwa na uwezo wa kuvifuta siku yoyote, na hata lilikuwa linatunga zake: mwaka 1966 lilirudishia nguvu mamlaka ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na ndiyo yaliyotumika kwa Ngũgĩ, na baadaye kwa Alamin Mazrui, ambaye naye alitoka na diwani, Chembe cha Moyo. Kwa hiyo uko sawa kabisa, hakuna aliyelazimishwa. Urithi unapokelewa. Aliyeachiwa rungu na baba yake wa kambo na akalitumia, rungu ni la nani kisheria si hoja, pigo ni lake.

Ndiyo maana nikaanza na washairi wa baada ya uhuru. Mshairi wa mwaka 1950 angeweza kusema "mgeni aondoke". Abdilatif hakuwa na mgeni wa kumfukuza. Ilibidi amwambie nduguye. Someni "Mnazi: Vuta N'kuvute" ndani ya diwani ile. Ni ndugu wawili, Alii na Badi, wanaugombania mnazi, ubeti kwa ubeti, kila mmoja na hoja yake. Wengi wameusoma mnazi ule kuwa ndiyo nchi. Hakuna Mzungu hata mmoja katika shairi. Na hata hivyo huwezi kulielewa bila kujua nani aliuacha mnazi ukiwa umepandwa hivyo.

Kuhusu Uganda: maneno ya sheria ni mapya, lakini wazo kwamba heshima ya mtawala inalindwa kwa jela lina umri mrefu. Naiita urithi, na naiita chaguo. Vyote viwili.

---

Mzee wa Kariakoo

Salaam kwenu wanangu. Nimesoma kimya, nina la kuongeza na ni chungu.

Mwaka 1974 hapa Dar es Salaam, Tanzania Publishing House ilichapisha mashairi ya Agostinho Neto wa Angola kwa Kiingereza, "Sacred Hope". Wakati ule mji huu ulikuwa umejaa wapigania uhuru, FRELIMO, ANC, MPLA na wengineo, na vitabu kama hivyo vilisomwa mpaka kurasa zikachakaa. Neto alikuwa daktari. Wareno walimfunga mara kadhaa. Mwaka 1960 walipomkamata, watu wa kijijini kwao, Icolo e Bengo, waliandamana kudai aachiwe, wakapigwa risasi, wakafa watu wapatao 30. Aliandika kuhusu vibarua wa mashamba ya kahawa, kuhusu wale waliosombwa kwenda São Tomé wasirudi, kuhusu akina mama wanaosubiri. Tulimpenda.

Novemba 1975 akawa rais. Mei 27, 1977 kukatokea uasi ndani ya chama chake mwenyewe, MPLA, na katika ukandamizaji uliofuata waliuawa maelfu, wengi bila kesi, vijana wengi miongoni mwao. Familia zilikaa zaidi ya miaka 40 bila mwili wala cheti cha kifo. Mwaka 2021 ndipo Rais João Lourenço aliomba radhi kwa niaba ya dola.

Mshairi yule aliyemlilia mama aliyesubiri ndiye aliyekuwa Ikulu. Mwana wa Kuze, unasema washairi ni mashahidi. Huyu nimweke wapi?

---

Binti wa Fumba

Mzee, shikamoo. Nimesoma mara mbili.

Mimi ningeyaacha mashairi yake yamshitaki. Aliyaandika kwa kujua kabisa mama anayesubiri anahisi nini. Hakuna atakayesema hakujua.

---

Mwana wa Kuze

Mzee wangu, sina pengine pa kumweka zaidi ya hapo alipomweka dada. Nami sitaki tumfute kwenye mtaala, wala tumfundishe kama mtakatifu. Mwanafunzi asome shairi la mwaka 1960 na aambiwe habari ya 1977 katika kipindi hicho hicho. Lingine ni kwamba ushahidi hautolewi na mtu mmoja. Msumbiji, Noémia de Sousa aliandika yake kati ya 1948 na 1951, yakazunguka kwa nakala za mashine mkono kwa mkono, na hayakupata kuwa kitabu mpaka 2001. Malawi, Jack Mapanje alikaa gereza la Mikuyu kuanzia 1987 hadi 1991 bila hata kuambiwa kosa lake, chini ya Rais Banda, ambaye naye Waingereza walimfunga mwaka 1959. Ukiwaweka pamoja ndipo unaona anayesema kweli ni nani, na alikoma kuisema lini.

---

Mwalimu wa Korogwe

Wakuu, nimenakili uzi huu wote kwenye daftari. Nitakalofanya muhula ujao, na naomba maoni: nitawapa wanafunzi "Mnazi" kabla ya kuwaambia chochote kuhusu mtunzi. Wavulana wawili au wasichana wawili wasimame, mmoja Alii, mmoja Badi, wasome beti kwa kupokezana. Darasa lipige kura mnazi ni wa nani. Baada ya kura ndipo niwaambie limeandikiwa wapi, kwa sababu gani, na kwenye karatasi gani. Kisha wapige kura tena.

Swali la mizani nitaliweka mwisho, na nitaligeuza: kwa nini mtu aliyenyimwa karatasi ahesabu mizani?

---

Mwana wa Kuze

Mwalimu, fanya hivyo hivyo. Ombi langu ni dogo: baada ya kura ya kwanza, wabadilishane. Aliyekuwa Alii awe Badi, na asome kwa moyo ule ule. Halafu utuletee matokeo ya kura zote mbili hapa hapa.

---

Kijana wa Likoni

Mwalimu, ukipata nafasi warekodi sauti. Diwani naiazima kwa Mwana wa Kuze Ijumaa, na huku Likoni tutalisoma pia, barazani, tuone mnazi unakwenda kwa nani.